Kigoda cha Watu Wanne

Karatasi ya alama ilibandikwa Jumatatu saa nne asubuhi, kwenye ubao ulio kando ya karakana, na wanafunzi wa useremala wakaivamia. Kavinya alisubiri nyuma. Hakuwa mtu wa kusukumana. Watu walipopungua alisogea, akaitafuta nambari yake kwa kidole, akaipata ya saba kutoka juu. Mtihani mdogo wa kwanza, sita. Mtihani mdogo wa pili, tano. Mradi, sifuri.

Alirudisha kidole kwenye nambari, akakisukuma tena polepole hadi mwisho wa mstari. Alidhani alikuwa amepotea njia. Hakuwa amepotea.

"Kavi, umepewa yai?" Fahim alikuwa amesimama nyuma yake. Walikuwa wakifanya kazi benchi moja karakanani. "Kigoda safi hivyo? Changu kinayumba kama mlevi na nimepata kumi na tano. Enda umuulize ticha."

"Labda ni makosa ya kuandika."

"Basi enda akaandike vizuri."

Kavinya alienda, lakini kwanza aliizunguka karakana mara mbili.

Mwalimu Wahome alikuwa na ofisi ndogo iliyojaa vigoda. Vilipangwa sakafuni, juu ya kabati, mpaka dirishani, na cha Kavinya kilikaa peke yake mezani, kikiwa kimefungwa uzi mwekundu mguuni. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Miguu yake mitatu ilijipinda kidogo kama miguu ya swara, na kiti chake kilikuwa laini hadi mwanga wa dirisha ulionekana umemwagika juu yake.

"Nilijua utakuja," Mwalimu Wahome alisema. Alifungua daftari la kazi, lile ambalo kila mwanafunzi alitakiwa kuandika alichofanya siku kwa siku. "Soma hapa."

Kavinya akasoma kwa sauti ya chini. "Jumanne. Baba alichonga miguu. Jumatano. Mama alipiga msasa. Ijumaa. Mzee Nzivo alipaka rangi."

"Aliyeandika ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Na hapa kwenye jalada?"

"Nathibitisha kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe."

"Sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Sasa nishike lipi, Kavinya?"

Kavinya alilitazama jalada, akautazama ukurasa. "Yote mawili, Mwalimu."

Mwalimu Wahome alivua miwani. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa na ameona kila namna ya udanganyifu. Kuna waliowahi kununua meza katika soko la Gikomba wakaziandika majina yao, na kuna aliyewahi kuleta kiti chenye lebo ya duka. Lakini hakuwahi kuona mtu akijishtaki kwa mwandiko mzuri hivyo, na tarehe juu.

Kavinya akajaribu kueleza. Kibandani kwao, wazazi wake wanapochonga vinyago, kazi hupita mikononi. Mmoja hukata, mwingine huchonga, mwingine hupiga msasa, mwingine hupaka rangi. Chini huchomwa namba kwa chuma cha moto, na kitu ni cha mwenye namba. Yeye alipewa namba yake mwaka jana, sitini na tatu. Kigoda alikibuni yeye, kiti alikikata yeye, matundu na kabari ni zake. Wengine aliwaandika kwa sababu kibandani kila mkono huandikwa, ili asisahauliwe mtu.

"Naelewa," Mwalimu Wahome alisema, na kweli alikuwa anaelewa, jambo lililomfanya ajisikie vibaya zaidi. "Lakini kanuni ya chuo iko wazi. Kazi iliyoguswa na mtu mwingine ni sifuri. Na hesabu yako unaijua. Alama za muhula ni arobaini, na asiyefikisha ishirini haingii mtihani wa mwisho. Wewe una kumi na moja."

"Nisipoingia mtihani?"

"Utarudia mwaka."

Akamsogezea fomu ya rufaa. Kamati ingekaa Alhamisi. Aambatanishe barua, na mzazi akitaka anaweza kuja.

---

Kibanda cha akina Nyamai kilikuwa ukingoni mwa mtaa wa Lucky Summer, nguzo nne na mabati, na sakafu yake ilikuwa vumbi la mbao lililokanyagwa hadi likawa laini kama zulia. Kavinya alipofika, baba yake, Nyamai, alikuwa akishusha tezo kwenye gogo la mjakaranda. Mama yake, Ndindi, alikaa juu ya gunia na twiga wa mbao amelala mapajani mwake, akimsugua shingo. Mzee Nzivo, jirani yao, alikuwa na kopo la rangi ya viatu ya kahawia, na kitambaa kilichokuwa zamani shati lake.

Aliwaambia akiwa amesimama, begi likiwa bado begani.

"Sifuri?" Nyamai alisema. "Sifuri ya nini? Kilivunjika?"

"Hakikuvunjika."

"Kinayumba?"

"Hakiyumbi, Baba. Wanasema si changu."

"Ni cha nani?"

"Chetu sisi wanne."

Nzivo akaangua kicheko. "Mimi sijawahi kuingia chuo hata siku moja, na leo nimefeli!"

Hakuna aliyecheka naye. Ndindi aliacha kumsugua twiga. "Ni msasa wangu uliokuponza?"

"Si msasa, Mama. Ni kanuni."

"Kanuni gani hiyo?" Nyamai aliweka tezo chini. "Huyu twiga ni wa nani? Ni wangu. Anayempiga msasa ni nani? Mama yako. Miaka thelathini na moja nimechonga hapa, kuna mtu amewahi kuja kuniambia twiga si wangu?"

"Hapana, Baba."

"Basi nitaenda niwaambie."

Kavinya akamwonyesha fomu. Ada ya rufaa ilikuwa shilingi elfu moja na mia tano, na chini palikuwa na maandishi madogo kwamba hairudishwi. Nyamai aliyasoma mara mbili.

"Hairudishwi hata ukishinda?"

"Hata ukishinda."

"Hao wanajua kuchonga kuliko mimi." Lakini alitoa simu akazituma saa hiyo hiyo, akiminya tarakimu kwa kidole gumba chenye sugu.

Nzivo alimvuta Kavinya kando. Alimpenda kama mtoto wake, na ushauri wake siku zote ulikuwa wa bure na wa hatari. "Sikiliza. Usikubali. Sema Baba ni jina la randa yako. Mama ni jina la msumeno. Watu huvipa vyombo vyao majina."

"Na Mzee Nzivo?"

"Brashi. Brashi nzee." Akafikiri. "Au sema walisimama tu hapo wakitazama. Nani atajua?"

Kavinya alicheka kidogo, lakini neno lile lilimwingia. Jioni hiyo, kabla ya chakula, alikaa mlangoni kwao na kuandika barua. Aliandika kwamba wazazi wake na jirani yao walikuwapo siku hizo na akawataja kwa heshima tu, ila mikono yao haikugusa. Iliandikika kwa urahisi uliomshangaza. Alipomaliza, Ndindi alikuwa anachambua sukuma wiki kando yake.

"Nisomee."

Akasoma. Alipofika kwenye mikono, sauti ikapungua.

Ndindi hakukasirika. Aliyafuta maji ya mboga kwenye kanga, akageuza viganja juu. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyororo, zinang'aa, hazina hata mstari. Alipoenda kuchukua namba ya kitambulisho kipya, mashine ilivikataa mara nne, na karani akamuuliza kama ana vidole vingine nyumbani.

"Hivi vilisimama tu vikitazama?" Ndindi aliuliza.

Kavinya aliichana barua vipande viwili, kisha vinne. Aliandika nyingine, fupi, isiyo na neno hata moja la uongo, na ilimchukua muda mrefu kuliko ile ya kwanza.

---

Alhamisi Nyamai alivaa koti la kanisani. Langoni mlinzi alifungua mfuko wake akakuta tezo moja na patasi mbili.

"Mzee, unaenda kwa kamati ama vitani?"

"Naenda kuwaonyesha jinsi kazi inavyofanywa."

"Waonyeshe kwa mdomo." Mlinzi akavitia vyombo ndani ya kibanda chake. "Utavikuta."

Katibu wa ofisi alikuwa msichana wa umri wa Kavinya. Aliitazama suruali ya Nyamai, ambayo ilipigwa pasi lakini vumbi la mbao halitoki kwenye mishono, akachukua gazeti la jana akalitandika kwenye kiti kabla hajamkaribisha. Alifanya hivyo kwa adabu. Nyamai alisema asante, akakaa magoti pamoja ili gazeti lisichanike. Kavinya aliona yote hayo, akatazama sakafu. Alitamani yeye ndiye angetandikiwa lile gazeti.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Bi. Jannat, mkuu wa idara, aliketi katikati na mtandio wa kijani. Mwalimu Wahome alikuwa kulia kwake. Kushoto alikuwa Bwana Burale wa ofisi ya mitihani, na mbele yake kitabu cha kanuni kilichojaa vijikaratasi vya alama. Kigoda kiliwekwa mezani kama mgonjwa.

Kavinya alisoma barua yake.

"Sauti," Bwana Burale alisema.

Akaanza upya, juu kidogo. Barua iliishia na maneno haya: Niliandika majina yao kwa sababu walifanya kazi. Sikujua kwamba kuyaandika ni kosa, na hata sasa sioni jinsi ambavyo ningeyaacha.

Nyamai akaomba ruhusa ya kusema. "Mama, na nyinyi walimu. Mimi ni mchongaji. Hakuna mtu hapa Nairobi anayemaliza twiga peke yake. Hakuna. Mwenye mkono wa kuchonga hachoshi mkono wake kwa msasa. Sasa mtoto amefanya vile alivyotukuta tukifanya. Kosa lake liko wapi?"

"Mzee, kigoda ni kizuri," Bwana Burale alisema. "Hakuna anayebisha. Lakini chuo hakipimi kigoda. Kigoda kizuri tunaweza kukinunua sokoni. Tunapima mtu. Kesho akiajiriwa Mombasa, ataenda na mama yake begani?"

Bi. Jannat alikuwa akipitisha kiganja juu ya kiti cha kigoda, polepole, kama mtu anayempapasa paka. "Mzee, naomba nikuulize, na si kwa ubaya. Wewe mwenyewe umewahi kutengeneza kigoda peke yako? Tangu gogo mpaka rangi?"

"Mimi?" Nyamai alisema. Akatazama dari. Aliipitia miaka thelathini na moja ya kibandani, na kabla ya hapo Wamunyu, kwa mjomba wake aliyemfundisha kushika tezo. Kule shangazi ndiye aliyepiga msasa. Alitafuta hata kimoja. Kijiko. Kitana. "La," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mshangao kuliko aibu. "Sijawahi."

Kavinya alikuwa hajawahi kumwona baba yake akiulizwa kitu cha mbao akakosa jibu.

Waliambiwa wangoje nje. Gazeti lilikuwa bado kitini, na Nyamai alikaa juu yake bila kulitazama. Walipoitwa tena, Bwana Burale alikuwa na kidole katikati ya kitabu.

"Kuna kifungu," alisema, kama mtu ambaye hakukitegemea. "Mwanafunzi aliyetaja msaada kwa maandishi kabla kazi haijasahihishwa hahesabiwi kuwa amedanganya. Anaweza kurudia kazi hiyo mara moja, chuoni, mbele ya msimamizi. Alama zake hazitazidi nusu."

"Nusu ya ishirini na tano," Mwalimu Wahome alisema. "Kumi na mbili."

"Nahitaji tisa," Kavinya alisema. Alisema bila kuombwa, na mwenyewe akashtuka.

Alipewa Jumatatu na Jumanne, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja. Mbao ni za chuo, na rangi haihitajiki. Msumari marufuku, kama awali. Mtu mwingine asiiguse kazi.

"Hata kumshikia upande wa pili wa mbao anapokata?" Nyamai aliuliza.

"Hata kumshikia, mzee."

Langoni mlinzi alimrudishia tezo na patasi. "Uliwaonyesha?"

"Walinionyesha wao," Nyamai alisema.

---

Kukata Kavinya alijua. Kutoboa alijua, na kabari zake zilikuwa zikisifiwa hata na baba yake, ambaye alisifu mara moja kwa mwaka. Miguu aliweza kuichonga, haikujipinda kama ya swara lakini ilisimama. Jumamosi asubuhi, kibandani, alichukua kipande cha mbao na msasa, akasugua nusu saa, akagundua kwamba hajui kabisa kazi ambayo mama yake aliifanya huku akipiga soga.

"Unaikwaruza," Ndindi alisema. "Mbao ina nyuzi. Zifuate. Ukikata katikati yake inakasirika, na utaona hasira yake ukishapaka rangi."

"Nimezifuata."

"Hapa umefuata. Hapa umechoka ukaanza kuzunguka." Ndindi akanyoosha mkono kukichukua kipande, kisha akaurudisha. Akachukua kipande kingine, akaweka juu ya goti lake, wakakaa bega kwa bega, kila mmoja na mbao yake. "Anza na msasa mkali. Usiuache mpaka alama zote za randa ziishe. Halafu wa kati. Halafu unapitisha kitambaa chenye maji kidogo."

"Maji? Si itaharibika?"

"Inasimamisha vinyweleo. Inakauka, unavinyoa kwa msasa laini. Sasa jaribu kama imekuwa."

Kavinya akapitisha kidole. "Imekuwa."

"Kidole chako kina siku ngapi kazini? Weka shavu."

Kavinya akaweka shavu juu ya mbao. Pale alipodhani pamekuwa laini palimkwaruza kama ndevu za mtu asiyenyoa siku tatu. Akacheka. Ndindi naye akaweka shavu lake kwenye kipande chake, akafumba macho, na kwa dakika moja mama na binti walikuwa wamelala kwenye mbao mchana kweupe.

"Hawa wamekunywa nini?" Nzivo aliuliza.

Nyamai alizunguka kibanda siku nzima. Mara asogee, mara aondoke. Mara ya tatu alipoinama na kusema, "Lete nikuonyeshe tu hapo kwenye ukingo," Ndindi alimchapa mkono kwa kipande cha msasa.

"Baba Kavinya! Unataka arudie mwaka?"

"Hiki ni cha mazoezi!"

"Mkono wako haujui tofauti."

Nyamai aliutazama mkono wake, akauingiza mfukoni.

---

Jumatatu ilienda vizuri. Karakana ilikuwa tulivu, Mwalimu Wahome akiwa mezani na rundo la daftari za kusahihisha, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakichungulia dirishani mpaka wakafukuzwa. Mbao ilikuwa saiprasi, yenye vifundo, na Kavinya aliigeuzageuza muda mrefu kabla ya kupiga mstari wa kwanza. Ilipofika saa kumi na moja alikuwa na kiti cha duara, matundu matatu, na miguu miwili tayari.

Jumanne saa nane mchana, mguu wa tatu ulipasuka.

Ilikuwa kabari. Aliikata nene kidogo, akaigonga mara ya tatu, na ufa ukakimbia kutoka juu ya mguu hadi karibu katikati kwa sauti ndogo kama ya mtu anayevunja kijiti. Kavinya alisimama na nyundo mkononi. Aligeuka kushoto. Kibandani, kushoto kwake ndipo alipokaa baba yake, na kitu kikipasuka ulisema tu "Baba," naye angekuwa ameshakiona.

Mwalimu Wahome alikuwa ameinua kichwa. Alitazama ufa, akamtazama Kavinya, kisha akageuza uso dirishani na kuanza kusoma tangazo la zamani la mpira, lililokuwa limebandikwa kinyume upande wa nje.

Zilibaki saa tatu. Kavinya aliweka nyundo chini. Alitoa mguu uliopasuka, akasafisha tundu kwa patasi, akatafuta kwenye mabaki. Kipande pekee kilichotosha urefu kilikuwa na kifundo upande mmoja. Akakigeuza ili kifundo kiwe chini, karibu na ardhi, pasipobeba uzito mwingi. Akakata. Akachonga. Hakujaribu kuupinda. Kabari mpya aliinyoa mara nne, nyembamba, nyembamba tena, na alipoigonga alishikilia pumzi. Iliingia na kukaa.

Ilikuwa saa kumi kasoro kumi. Muda wa kupiga msasa kigoda chote haukuwepo tena. Alifikiri kidogo, akaamua. Kiti, kwanza. Kisha kingo, pale ambapo mkono hushika mtu akikibeba. Chini ya kiti atapaacha. Alisugua kwa msasa mkali, kisha wa kati, akapitisha kitambaa cha maji, na wakati mbao inakauka alipiga msasa miguu kadiri ya uwezo. Kisha msasa laini. Mara mbili aliinama akaweka shavu, bila kujali kwamba Fahim na wengine walikuwa wamerudi dirishani.

"Anakibusu!" mmoja alisema.

"Nyamaza wewe," Fahim akajibu. "Hujui ufundi."

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, Kavinya alirudi nyuma hatua mbili. Bi. Jannat alikuja. Mwalimu Wahome alikikalia kigoda, akayumba mbele, akayumba nyuma, akainua miguu yote miwili kutoka sakafuni. Kigoda kilitulia. Alipoinuka, Bi. Jannat alikipindua.

"Huku chini hakujaguswa."

"Ndiyo. Mguu ulipasuka, nikapoteza muda." Kavinya akaonyesha kiti. "Nilichagua pale mtu anapokaa."

Bi. Jannat alipitisha kiganja juu ya kiti. Kisha kiganja kilirudi mara ya pili.

Walisogea kando wakanong'ona, wakaandika. Mwalimu Wahome akamgeuzia karatasi. Palikuwa na kumi na nne, imekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni yake kumi na mbili.

"Kazi ni kumi na nne," alisema. "Kanuni ni kumi na mbili. Zote zitabaki hapo zimeandikwa. Jumla yako ni ishirini na tatu. Chukua kadi yako ya mtihani kesho asubuhi, na usichelewe, karatasi ya kwanza ni Jumatatu ijayo."

Kavinya alisema asante. Alitaka kusema zaidi, ila alijua akisema atalia, na karakanani hakulii mtu, vumbi litashika uso.

Nyamai alikuwa langoni. Alikuwa amefika tangu saa tisa, na mlinzi alikuwa ameshajifunza majina ya miti kumi na miwili.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili."

Uso wa Nyamai ukaanguka. "Kati ya ishirini na tano?"

"Nilihitaji tisa, Baba. Naingia mtihani."

"Unaingia?"

"Naingia."

Mlinzi akapiga makofi. Nyamai alimpa mkono mlinzi, akampa mkono binti yake pia, rasmi kabisa, kama watu waliokutana kanisani. Wakaanza kutembea kuelekea nyumbani. Walikuwa wamepita vibanda vya samaki wa kukaanga kabla Nyamai hajasema tena.

"Na kile cha kwanza. Bila hii kanuni kingepata ngapi?"

"Mwalimu alisema ishirini na mbili."

"Na hiki, bila kukatwa?"

"Kumi na nne."

Nyamai alitembea hatua kadhaa akihesabu kwa vidole. "Ishirini na mbili kwa watu wanne ni ngapi?"

"Tano na nusu kila mtu."

"Basi umetushinda wote," Nyamai alisema, akaongeza mwendo, maana alitaka awe wa kwanza kumwambia Ndindi.

---

Jumamosi Kavinya alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta na madaftari yake, akisoma namna unyevu unavyopinda mbao. Hakuandika hata mstari mmoja kwa nusu saa, kwa sababu ya kelele.

Nyamai alikuwa anatengeneza kigoda. Alianza Alhamisi na hakumwambia mtu kwa nini. Gogo alilipasua yeye. Miguu aliichonga mapema tu, mizuri, ikajipinda yenyewe. Rangi alimkataza Nzivo asiifungue. Sasa alikuwa amekaa juu ya gunia la mke wake, msasa mkononi, jasho likimtoka puani, na kiti cha kigoda mbele yake kikiwa na mikwaruzo ya duara kama uso wa maji yaliyotupiwa mawe.

"Unazunguka," Ndindi alisema.

"Sizunguki."

"Haya."

"Usiguse."

"Nani amegusa? Mikono yangu hii hapa." Ndindi alikuwa ameikunja nyuma ya mgongo, na bega lake lilitikisika kwa kicheko alichokuwa amekibana tangu asubuhi. Nzivo hakukibana chake. Alikuwa amekaa juu ya gogo, kopo la rangi magotini, limefunikwa, akisema kwamba tangu azaliwe hajawahi kulipwa kwa kutazama, na leo angelipa yeye.

Nyamai alisugua. Akapuliza vumbi. Akapitisha kidole, akaridhika, kisha akamwona Kavinya akimtazama juu ya daftari, akainama taratibu na kuweka shavu. Alikaa hivyo kwa muda. Alipoinuka, upande mmoja wa uso ulikuwa umekwaruzika.

"Mama Kavinya," alisema.

"Naam."

"Kuna kipande kingine hapo? Chukua wewe kimoja. Kaa hapa unionyeshe."

Ndindi akavuta gunia lingine, akakaa.